Sanaa Mpya, Simu ya Kuazima

Onyesho la dansi ya kisasa la saa moja, likirekodiwa kwa video ya ubora wa chini unaovumilika, kama megabiti moja kwa sekunde, linatoa faili la megabaiti 450 hivi. Ukitaka vidole na nyuso za wachezaji vionekane sawasawa, faili linavuka gigabaiti moja. Kijana wa Mbagala, Kayole au Goma hununua intaneti ya siku, mara nyingine ya saa, kwa kile kilichobaki baada ya nauli na chakula. Kituo cha sanaa kinapotangaza kwamba kimepandisha onyesho mtandaoni ili vijana wote walitazame bila kiingilio, kiingilio hakijaondoka. Kimetoka mlangoni kimehamia kwenye bando, na anayekilipa ni yule yule aliyeshindwa kufika ukumbini.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu sanaa, vijana na vifaa vya kidijitali huanzia kwenye kifaa chenyewe: kamera ipi inunuliwe, programu ipi itengenezwe, mfadhili yupi anapenda ubunifu. Mimi naamini kuna swali linalotangulia, nalo ni jinsi simu inavyoishi mikononi mwa watu. Nani anaimiliki na nani anaiazima? Inachajiwa wapi? Kitu kikimpendeza aliyekitazama, kinapita njia gani kumfikia mwenzake? Kazi zilizowafikia vijana wengi Afrika Mashariki katika miaka hii zilitungwa na watu waliokuwa na majibu ya maswali hayo, hata kama hawakuwahi kuyaandika popote.

Turudi nyuma kidogo. Hadi katikati ya 2009 intaneti ya ukanda huu ilitegemea zaidi setilaiti, na ilikuwa ghali na ya kusuasua. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, ukagusa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS nao ukafika Mombasa. Miezi michache baadaye, Machi 2010, kundi la Just A Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, yenye shujaa wa mtaani aitwaye Makmende. Vijana wa Kenya hawakuishia kuitazama. Walitunga visa vyao kuhusu Makmende, wakachora majalada bandia ya magazeti yenye sura yake, wakatumiana, hadi watu wasioijua bendi hiyo wakawa wanamjua shujaa wake. Video ile hukumbukwa kama jambo la kwanza la Kenya kuenea mtandaoni kwa namna hiyo. Kwangu umuhimu wake upo kwenye tabia iliyojitokeza: kijana mwenye kifaa cha mkononi alipoipenda kazi, pongezi yake ilikuwa kuishika, kuigeuza na kuipeleka mbele.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Februari 2010, jijini humo humo, kampuni ya Well Told Story ilikuwa imeanzisha Shujaaz. Huu ndio mfano ninaotaka tukae nao, kwa sababu ulibuniwa kwa makusudi na umedumu.

Shujaaz lilianza kama jarida la katuni la kila mwezi lililoandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza sekondari, hana kazi, na ameunda kituo cha redio cha siri chumbani kwake kwa vifaa vya kuokoteza. Akiwa hewani anaitwa DJ B, na hakuna anayejua kwamba sauti ile ni ya Boyie wa jirani. Jarida lilisambazwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa nchi nzima. Vipindi vya DJ B vilirushwa na vituo halisi vya redio. Kisha, na hapa ndipo penye ufundi, wasomaji wakapewa namba. Walimwandikia DJ B meseji, baadaye wakamfuata Facebook, naye akawajibu kwa lugha yao, kana kwamba ni mtu wanayekutana naye kijiweni.

Angalia jinsi vitu hivyo vilivyogawana kazi. Michoro, ambayo ingekula bando, iliwekwa kwenye karatasi. Sauti ilikwenda redioni, ambako kusikiliza hakuna gharama. Simu iliachiwa kazi inayoifanya kwa bei nafuu kuliko chombo kingine chochote, yaani kupokea jibu la mtu mmoja mmoja, na kwa herufi 160 tu za meseji hata simu ya kitochi ilitosha. Kibanda cha M-Pesa nacho hakikuchaguliwa bure bure. Huduma ile ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na hapo ndipo kijana alipofika na simu mkononi, akasimama kwenye foleni, akiwa na dakika kadhaa zisizo na shughuli.

Kisa kimoja cha jarida hilo kimesimuliwa sana. Boyie alieleza mbinu ya kupaka vifaranga rangi kali ili mwewe asivitambue kama windo. Wasomaji waliijaribu nyumbani kwao wakamwandikia matokeo. Mhusika wa kuchorwa alikuwa amewatoa watu uani kwenda kufanya jambo, nao wakamrudishia habari kama anavyorudishiwa rafiki. Baadaye Shujaaz lilivuka mpaka kuja Tanzania, likapata mhusika wake DJ Tee na likaandikwa kwa Kiswahili cha mtaani cha huku. Limeshinda tuzo ya Emmy ya kimataifa mara mbili.

Pamoja na kuliheshimu, nina dukuduku nalo. Fedha za kazi kama hizi hutoka kwenye mifuko ya afya, kilimo na ajira, na mfuko una madai yake. Kisa huanza vizuri, wahusika wakapumua, kisha ghafla unasikia somo likibisha hodi: uzazi wa mpango, mbegu bora, akiba. Wachoraji na waandishi wa Shujaaz wana kipaji cha kulificha somo ndani ya stori, lakini somo lipo. Kijana wa Afrika Mashariki amezoea kufikiwa na sanaa pale tu mtu mzima anapotaka kumfundisha kitu. Sanaa inayomwuliza swali bila kuwa na jibu mfukoni, inayomwacha na mshangao au hasira au kicheko tu, ndiyo haipati mlipaji, na kwa hiyo ndiyo haimo kwenye simu yake. Mtoto wa Paris au London hupelekwa kutazama kazi ya sanaa ya leo bila mtu kuona haja ya kumpimia baada ya hapo kama ameanza kunawa mikono.

Ubongo Kids, vibonzo vilivyoanza kurushwa na TBC1 Januari 2014 kutoka Dar es Salaam, vilitumia njia inayofanana: mtoto anatazama televisheni, swali linatokea, anajibu kwa meseji kwa simu ya mzazi. Vile ni vibonzo vya elimu na vinajitambulisha hivyo, kwa hiyo sivilaumu kwa kufundisha. Navitaja kwa ajili ya simu ya mzazi. Kila anayepanga programu ya sanaa kwa watoto akumbuke kwamba mtumiaji wake hana simu yake mwenyewe. Anaipata simu baba akirudi, au mama akimaliza kuzungumza na dada yake, kwa nusu saa, chaji ikiwa imekwisha kufika asilimia kumi na tano.

Kuna njia nyingine ambayo haikubuniwa na taasisi yoyote, nayo imebeba muziki mpya kuliko zote. Singeli ilikulia kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku, na studio za majumbani za Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam, muziki wenye mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, uliotungwa na vijana kwa kompyuta chakavu na programu za kuchanganyia sauti. Muda mrefu watu wenye mamlaka ya kuamua kipi ni sanaa waliuona kama kelele za uswahilini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliotokana na kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo wasanii wake wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya muziki wa majaribio Ulaya. Lakini kabla Ulaya haijasikia, mtaa ulishasikia, na haukusikia kwa kutazama mtandaoni.

Ulisikia kwa memori kadi. Kibanda chenye kompyuta moja na spika mlangoni. Mteja anatoa kadi kwenye simu, anataja anachotaka au anasema tu niwekee mpya mpya, mwenye kibanda ananakili, mteja analipa, anaondoka. Wimbo wa dakika tatu ni kama megabaiti tatu, kwa hiyo kadi ndogo kabisa inabeba mamia. Ukishaingia humo, kuusikiliza hakuli hata senti ya bando. Kuurusha kwa Bluetooth, na baadaye kwa programu ya Xender, hakuli chochote pia. Dereva wa bodaboda anampa abiria, abiria anampa mdogo wake wa bwenini, na likizo ikifika wimbo umeshalala Sumbawanga.

Mtandao huu wa mkono kwa mkono hauonekani kwenye ripoti yoyote. Hakuna anayehesabu. Meneja wa programu ya sanaa hufungua takwimu zake, akaona video imetazamwa mara mia nne, akahitimisha kwamba vijana hawapendi maonyesho ya kisasa. Au akaona elfu arobaini, akafurahi, bila kujua wangapi walikatishwa na bando sekunde ya ishirini. Kazi iliyonakiliwa kwenye kadi inaweza kuwa imepita vijiji vizima na yeye ana sifuri. Kwa kuwa wafadhili wanalipia kinachohesabika, fedha zinafuata mibofyo, na mibofyo inafuata wenye intaneti ya nyumbani. Mwishowe programu iliyokusudiwa kumfikia kijana wa pembeni inaishia kumhudumia yule ambaye tayari angeweza kuchukua bajaji akaenda Nafasi Art Space pale Mikocheni Jumamosi mchana.

Ndiyo maana nina mashaka makubwa na tabia ya kila taasisi kutaka programu yake ya simu. Programu inataka kupakuliwa, inataka nafasi kwenye simu ambayo imeshajaa picha za harusi na video za kikundi cha WhatsApp, inataka jina na nywila, kila baada ya muda inataka kusasishwa. Kijana anaifuta wiki hiyo hiyo, na hafanyi kosa. Makumbusho ya Louvre ya Paris yalilikwepa tatizo hilo kwa njia ya matajiri: mwaka 2012 yaliingia mkataba na Nintendo, mgeni akawa anaazimwa kifaa cha mchezo cha 3DS kikimwongoza kwa sauti na ramani ndani ya majengo. Ilikuwa na akili, kwa maana mtoto alikabidhiwa chombo ambacho vidole vyake vilikuwa vinakijua. Hata hivyo kifaa kile kilikuwa msaidizi tu. Kilimwelekeza mtoto kwenye sanaa iliyokuwa ukutani.

Mwaka huo huo wa 2012, kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, wasanii Janet Cardiff na George Bures Miller walifanya jambo lililokwenda mbali zaidi. Kazi yao iliitwa Alter Bahnhof Video Walk. Mtazamaji aliazimwa iPod na hedifoni ndani ya kituo cha zamani cha treni. Kwenye kioo kidogo aliona video iliyopigwa pale pale aliposimama, na sauti ya Cardiff ikimwambia geuka, fuata, simama. Alitakiwa kulinganisha kioo na mahali. Kwenye kioo bendi inapita. Akiinua macho, hakuna bendi, kuna abiria na mizigo yao. Sauti ikamkumbusha kwamba ni kutoka kituo hicho Wayahudi wa mji ule walipakiwa kwenye treni za Wanazi. Dakika 26, kisha anarudisha kifaa. Kazi hiyo huwezi kuiondoa kwenye kifaa ukaitundika ukutani, na huwezi kuiondoa kwenye kituo ukaitazama kitandani. Kifaa cha mkononi kilitumika kwa sifa moja ambayo ukumbi wa maonyesho hauna: kinatembea na mtu hadi mahali jambo lilipotokea.

Hebu tuipigie hesabu kwa mazingira yetu. Sauti peke yake, dakika 26, ikibanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo kwa maneno na milio ya mazingira inatosha kabisa, ni megabaiti 12 na nusu. Kwa miaka mingi WhatsApp iliweka kikomo cha megabaiti 16 kwa faili la sauti au video. Kwa hiyo kazi ya sanaa ya aina hiyo, isiyo na picha, inapita kwenye tundu dogo kabisa la mawasiliano tunayotumia kila siku. Inaingia kwenye memori kadi ya simu ya kiswaswadu. Ni kama wimbo mrefu tu.

Na mahali tunapo. Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watu waliotekwa, kuna boma la Wajerumani, kuna magofu ya Kaole, kuna ufuko ambako majahazi yangali yanatia nanga. Katika mji huo huo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa chenye mizizi tangu 1981, chenye vijana wanaojifunza ngoma, uigizaji na muziki. Siwazii mwongozo wa watalii. Naiwazia kazi inayotungwa na wanafunzi wale, kijana wa Bagamoyo akiisikiliza kwenye simu yake akiwa anatembea barabara aliyoipita maisha yake yote, sauti ya msichana wa rika lake ikimwambia asimame mbele ya mlango fulani na kumwambia jambo ambalo halimo kwenye kibao cha makumbusho. Kinachohitajika ni mwandishi mzuri, chumba tulivu cha kurekodia, na mtu wa kwenda nayo kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo, ambako wateja wapo tayari.

Sauti ina faida nyingine tunayoijua vizuri kwenye vibanda umiza. Watu waliojaa kwenye mabenchi yale kutazama filamu za Hong Kong, India au Marekani hawakuwa wakielewa lugha ya filamu. Walifuata sauti ya mtafsiri, mtu kama Lufufu, aliyesimulia, akafafanua, akaongeza chumvi, akabishana na wahusika. Hadhira ilizoea kwamba kazi ngeni huja pamoja na mtu wa nyumbani anayeisindikiza. Sanaa ya leo, hasa ile ya usakinishaji na dansi isiyo na hadithi, mara nyingi inamfikia kijana wetu bila msindikizaji. Anaona mtu amejiviringisha kitambaa sakafuni, chini yake kuna aya mbili za Kiingereza cha vyuo. Anafunga. Akisindikizwa na sauti ya kijana mwenzake kwa Kiswahili cha kawaida, ikikiri mshangao, ikiuliza, ikitaja jina la msanii na mtaa anaotoka, atakaa.

Simu si kifaa pekee cha mkononi, na kuhusu vishikwambi tuna uzoefu wa kutosha kuzungumza bila kubahatisha. Kati ya 2017 na 2019, mkoani Tanga, shindano la XPRIZE lilijaribu programu tano za kujifunzia kwa karibu watoto 3,000 wa vijiji 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Kila mtoto alipewa kishikwambi. Vijijini vilijengwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua, na kina mama wa vijijini wakapewa jukumu la kuhakikisha vifaa vinachajiwa. Masharti ya shindano yalitaka programu zifanye kazi bila mwalimu, bila intaneti, kwa Kiswahili, na msimbo wake uachwe wazi kwa yeyote. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikatangazwa washindi wa pamoja.

Lengo lilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini ndani ya programu ya Kitkit School, kando ya hesabu na herufi, kulikuwa na sehemu ya kuchora na kupaka rangi. Naona ni uamuzi wa busara sana, kwa kuwa uliitambua haki ya mtoto ya kuwa na ukurasa mtupu. Vifaa vingi tunavyowapa watoto vina majibu sahihi na majibu mabaya. Kwenye ukurasa wa kuchora hakuna kengele ya kosa. Vilevile jaribio la Tanga lilithibitisha kwamba kazi iliyopakiwa kamili ndani ya kifaa inaweza kuishi kijijini miezi 15 bila mnara wa simu, alimradi kuna jua na mama wa kusimamia chaji.

Kenya ilikwenda kwa ukubwa zaidi. Kuanzia 2016 mpango wake wa serikali uligawa zaidi ya vifaa milioni moja kwenye shule za msingi. Tanzania nayo, baada ya Sensa ya Agosti 2022, ilivigawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Kwa maana hiyo kioo kikubwa kuliko simu, kisicho cha baba wala cha kaka, kimo tayari kwenye mkoba wa mwalimu, katika nchi ambamo mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni. Mtaala mpya wa msingi ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Mwalimu aliyepangiwa somo hilo, ambaye pengine mwenyewe hakusomea sanaa, anahitaji dansi ya dakika sita ya shule ya dansi ya Muda Africa, igizo la kikundi cha Parapanda lililokatwa vipande, mchoraji akieleza kwa nini ameacha nafasi nyeupe katikati ya turubai, vyote vikiwa ndani ya kifaa, bila kuhitaji bando, na kila kimoja kikimalizika na jambo la watoto kufanya kwa miili yao, siyo kwa vidole. Akiweke kifaa dirishani, watoto ishirini wakizunguke, kisha wasukume madawati.

Jambo hilo la kuzunguka kifaa kimoja nalipa uzito. Wabunifu wa ng'ambo hudhani mtumiaji yuko peke yake na hedifoni zake. Huku simu moja hutazamwa na vichwa vitano, na mmoja wao ndiye anayeeleza. Maandishi madogo yanawashinda waliokaa nyuma. Sauti ndogo inazidiwa na mtaa. Video iliyopigwa kwa upana wa jukwaa zima inamfanya mchezaji awe mdudu. Mpiga picha anayejua hadhira yake atasogea, atakata mguu na uso, atapiga kwa wima. Kazi itapoteza kitu, hasa ile hisia ya umbali kati ya miili jukwaani, na mtunzi wa dansi ana haki ya kulalamika. Njia ya uaminifu ni kumlipa atunge upya kwa kioo kile, dakika tatu zilizofikiriwa kwa wima, kuliko kumkata kazi yake ya dakika sitini bila kumwuliza.

Wasichana wanafikiwa kwa shida zaidi, na programu nyingi hulipita hili haraka. Kwenye kaya yenye simu moja, wa kwanza kuiazimwa huwa mvulana, na msichana anayeonekana na simu muda mrefu huulizwa anaongea na nani. Programu inayodai kufikia vijana kupitia simu bila kupanga njia ya pili kwa wasichana, kama vile redio, kishikwambi cha mwalimu, kikundi cha saluni au madrasa, imeshaamua nusu ya hadhira ibaki nje.

Na kuna serikali. Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Vijana wengi wakakimbilia VPN, wengine wakaacha kuingia. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa na mahali pake ikaja ya asilimia 12 kwenye data. Tanzania, mwaka huo huo wa 2018, ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kuwa na leseni, na gharama za kuanza pamoja na ada ya mwaka zilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo na ada kupunguzwa. Lakini kwa kikundi cha vijana watano wa Tandika wenye simu moja nzuri na wazo zuri, leseni ya aina hiyo ilikuwa ukuta. Mtu anayetaka sanaa iwafikie vijana kwa vifaa vya mkononi hawezi kujifanya mambo hayo hayamhusu. Bei ya data na masharti ya kuchapisha ndiyo kodi ya pango ya ukumbi wake.

Imebaki fedha ya msanii. Njia zote ninazozisifu hapa, kadi, Bluetooth, vishikwambi vilivyopakiwa, ni njia zisizomlipa mtunzi kwa kila anayesikiliza. Mwenye kibanda anapata chake, kampuni ya simu inapata chake, prodyuza wa singeli anapata jina mtaani na mialiko ya vigodoro. Mtunzi wa dansi hana vigodoro vya kumwita. Kwa hiyo malipo yake lazima yatangulie: alipwe mara moja, kwa kiasi kinachostahili, kwa kutunga kazi itakayonakiliwa bure, na mkataba useme wazi kwamba kunakili kwa matumizi ya watu na shule kunaruhusiwa, ila kampuni ikitaka kuitumia kwenye tangazo irudi kwake. Jina lake litamkwe ndani ya sauti yenyewe, mwanzoni, kwa kuwa maelezo ya faili hupotea safari ya tatu ya Bluetooth. Nakala isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina la mtunzi, siyo la mfadhili. Kituo kinachoomba fedha za mradi kiweke kwenye bajeti malipo hayo kabla ya kuweka mtengeneza programu, na kimwite mwenye kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye kikao cha kwanza cha kupanga, akiwa na kiti na posho sawa na washauri wengine.